Sukari ya Mlimani

Chupa ya saba Kemirembe aliijaza alfajiri,
chini ya daraja la mbao, Bwaise,
akiwa ndani ya buti za kaka yake.
Aliandika kwa penseli, maana wino hulia ukilowa:
namba, saa, harufu.
Penye harufu aliandika "ndiyo".

Maji ni shahidi mgumu, hujibu lililoulizwa tu.
Kuna kinyesi? Kipo.
Cha nani? Hapo yananyamaza,
kwani bata anacho, mbuzi anacho,
ng'ombe wanaongoja kisu kule Kalerwe wanacho.
Basi yaulize jambo la binadamu peke yake:
nani hapa amekunywa chai?
Mbuzi hanywi chai.

Alizamisha pia pamba, pamba mbichi isiyotiwa dawa,
ndani ya kizimba cha waya, siku nne.
Akaimulika gizani kwa taa ya zambarau
nayo ikang'aa buluu, kama kola ya mwanafunzi Jumatatu:
sabuni ya unga, ya kila karai.

Mkutanoni mwenyekiti wa mtaa alikuja na jibu mfukoni.
Alinyoosha kidole bila kutazama kinakoelekea,
kikamwangukia Nalwoga, muuza mihogo,
mwenye choo cha mabati na wapangaji kumi na mmoja.
"Kibomolewe," alisema. Watu wakaguna, kuguna kwa kukubali.

Kemirembe akafungua karatasi.
Kuna sukari, alisema, isiyo sukari.
Tumbo haliijui, huipitisha kama mgeni aliyekosea mlango;
mto nao hauijui, huibeba nzima hadi ziwani.
Hutiwa kwenye soda za wanaoogopa kunenepa.
Chupa ya saba, hapa kwa Nalwoga: imo.
Chupa ya tatu, juu ya soko: imo zaidi.
Chupa ya kwanza, chini ya ukuta wa maghorofa mapya,
pale bomba linapojificha nyuma ya maua mekundu:
nyingi. Akainua macho. Nyingi mno.

Nalwoga akauliza hiyo sukari ni shilingi ngapi.
Akatajiwa.
Akacheka, akacheka hadi akashika nguzo.

Aliyecheka naye simkumbuki.
Namkumbuka mwenyekiti akikikunja kidole taratibu,
akikirudisha mfukoni lilikotoka jibu,
na mvua ikianza kule juu,
na sisi wa bondeni tukitazama miguu yetu.