Kifungo cha Tatu

Yerusa, binti wa dada yangu, ndiye aliyenijazia fomu,
mimi nina pini mdomoni na sketi ya mtu mapajani.
"Umri?" Arobaini na nne.
"Umeokoka?" Andika ndiyo.
"Una mtoto?"
Nikatema pini.
Andika nilikuwa naye.
"Hakuna kisanduku cha hilo, mama mdogo. Kuna ndiyo na hapana."

Tovuti ya kwanza ilijiita ya bure.
Mlangoni bure kweli: njiwa, msalaba, pete mbili zinazomeremeta.
Zikaja jumbe tisa usiku mmoja,
kila mmoja na kufuli lake la njano:
kufungua, shilingi elfu saba.
Nikacheka peke yangu, Barabara ya Kumi na Mbili nzima imelala.
Neema niliyofundishwa utotoni kule Lushoto
haikuwa na kufuli mlango wa pili.

Nyingine haikudai hata senti.
Ikaniletea Kapteni Jeromu, mgane, mcha Mungu,
aliyeniita mpenzi katika Bwana kabla hajauliza jina.
Siku ya nne mzigo wake umekwama bandari ya Tanga,
laki na nusu tu, atanirudishia mara mbili.
Kapteni, nikamjibu, honi ya bandari hiyo
naisikia nikiwa kitandani.
Nisubiri getini. Nakuja kwa miguu, na uji kwenye chupa.
Hakuandika tena. Namwombea, siku nikikumbuka.

Wenzangu wa umoja wa wanawake husema: mngoje Bwana.
Nimemngoja. Nimemngoja nikishona magauni ya maharusi
mia mbili na kumi na moja, yamo kwenye daftari,
kiuno, kifua, urefu, salio.
Bwana hajaniambia nizime simu.

Hii ya sasa ni mbaya kwa sura, kama fomu ya serikali ya mtaa.
Haina njiwa. Haina kufuli. Chini wameandika:
"Tunailipia wenyewe. Tukishindwa tutafunga."
Nikaipenda kwa maneno hayo.

Humo nikamkuta asiye na uso.
Amejiita Msafiri wa Kange; picha imekatwa shingoni,
limebaki shati,
na shati nalijua.
Bluu ya jora nililokopa kwa Mpemba,
kola niliyoiunga usiku umeme ukakatika,
mshono ukapinda kushoto kama mtu anayekwepa dimbwi.
Nilishona kumi na nane ya namna ile,
ya teno na besi wa usharika wetu.
Kumi na mmoja wana wake zao.
Nikakaa na hesabu hiyo
mpaka harufu ya pasi ikanishtua.

Ameandika machache:
"Nasali kwa sauti ndogo.
Sijui kukaanga samaki bila kumvunja.
Nilifiwa. Nisianze kwa kusema lini."

Kifungo cha tatu si changu. Vyangu vilikuwa vyeupe.
Hicho ni cheusi, kimeshikizwa kwa uzi wa kahawia,
fundo limekaa nje,
kazi ya mtu asiye na wa kumshonea
au anaye, na hawasemezani.

Leo Jumapili. Mchungaji anasoma, mimi sisikii kitu.
Kwaya imesimama.
Mungu unisamehe, naanza safu ya nyuma:
cheupe, cheupe, cheupe,
yule mrefu kajifunika kifua kwa kitabu,
geuza ukurasa, baba, geuza.
Mkobani nina sindano,
uzi wa bluu,
na kifungo kimoja cheupe
kilichobaki, sijui kwa nini sikukitupa, tangu mwaka ule.