Mpanga Herufi

Newport, baridi ya Januari. Wino umeganda chunguni;
Quamino anaupasha kwa mishumaa miwili
kabla Bwana Elnathani hajashuka ngazi.

Leo ni hotuba ya mchungaji, kurasa kumi na sita:
Enyi watumwa, watiini.
Anaipanga kichwa chini miguu juu,
maana ndivyo risasi itakavyo,
na ikisomwa hivyo, kwa ncha za vidole,
haimwamrishi mtu.

Mwishoni pamebaki nafasi. Bwana huchukia karatasi tupu.
"Tia tangazo: mwanamke, miaka ishirini na miwili,
ameshaugua ndui, mpishi, mcha Mungu.
Pamoja na mtoto, au bila."

Jina halimo. Quamino analijua;
kila Jumapili hukaa naye roshani ya nyuma,
wakishika pamoja kitabu kimoja cha zaburi.

Herufi zimepunguka sandukuni.
Anaing'oa Amina ya mchungaji: a, n, a.
Anaanzia hapo. Anauzwa.

Zikatoka nakala mia tatu, hotuba bila Amina.
Hakuna aliyeuliza.
Quamino aliitamka mwenyewe, mtambo ukishuka,
chini chini, si kwa mchungaji:
kwa yule wa "au bila".