Kasumba ya Punda

Siku ya kwanza nilimdhania jasiri.
Alikuja na kidonda cha shogi mgongoni,
kipana kama sahani ya chai, nzi wamekifanya baraza;
sindano naitia, uzi naupitisha,
naye katulia kama gogo la mkoko.
Shekuwe, bwana wake, akacheka: "Waona? Huyu ni simba."

Daktari hakucheka. Aliuliza hulala wapi.
"Uani kwa Badi, Langoni, na madume saba.
Humng'ata. Yuko mmoja, twamwita Diwani,
hamwachi hata anywe."

Ndipo nilipofunzwa lililonipita chuoni:
kwamba mwili una kasumba yake,
haiuzwi uchochoroni,
hukamuliwa gizani, ndani ya fuvu,
mnyama akipigwa na wenzake, akakosa pa kukimbilia.
Kwa muda, ngozi husahau.
Si ushujaa ule.
Ni mlango uliofungwa kwa ndani.

Na kisima kinachochotwa kila usiku na hofu
kina mwisho wake.
Wiki ya tatu dozi ilimpita
kama maji juu ya jani la mgomba.
Tukaongeza. Akatetemeka, macho yamemtoka.
Tukaongeza tena. Nikaandika daftarini:
punda wa kilo mia na arubaini, dawa ya farasi.

Hapo nikakikumbuka kidole changu.
Mwaka wa kwanza wa ndoa, jikoni kwa mawifi,
mbuzi ya nazi ilinila hadi mfupani.
Tui likawa jekundu; wao wakahesabu nazi zilizoharibika,
na mimi sikusikia kitu. Wallahi, kitu.
Nilisikia siku nne baadaye, Matondoni,
mama aliponiuliza tu, "Mkono una nini?"

Sikumweleza daktari. Nilimwambia Shekuwe
amtoe kwa Badi, amlete na yule jike mzee,
waliyebeba naye mchanga wa Shela miaka sita.
Akaja, hana meno ya mbele,
akanusa kila pembe ya banda,
akaweka kidevu juu ya shingo ya mwenzake, basi.

Siku ya tano nilikigusa kidonda kwa pamba,
pamba na maji ya chumvi, hakuna zaidi.
Punda akaruka, akanipiga teke la paja,
akalia hadi wapagazi wa gatini wakageuka.
Shekuwe akashika kichwa: "Amezidiwa!"
"Amerudi," nikamwambia, nimekaa sakafuni.

Nusu ya dozi ilimtosha.
Paja langu liliuma hadi Isha.
Nililiacha liume.