Miguu ya Asiye na Miguu

Mwalimu Orihara hakutuletea mdoli siku ya kwanza.
Alituletea gazeti la juzi, ukurasa wa bei za vitunguu,
na uzi wa katani.
Akasema: fungeni kichwa, fungeni mikono miwili,
miguu acheni.
Huyu ni mwanamke. Wanawake wa jukwaa letu hawana miguu.

Tetsuma akapewa kichwa na mkono wa kuume.
Chizuru akapewa mkono wa kushoto,
yeye aliyechapwa vidole alipoutumia kushikia vijiti vya kulia.
Mimi nikapewa kile kisichokuwepo.

Nikauliza: sasa nishike nini?
Mwalimu akapiga magoti kando yangu,
yakalia kama kuni mbichi motoni,
akaingiza ngumi mbili ndani ya pindo la karatasi.
Moja ikatangulia. Moja ikangoja.
Na nikaona goti.
Naapa, nililiona goti la mwanamke
likisukuma vazi polepole,
kama mtu aendaye kuomba radhi
na hajui aanzie wapi.

Haya, mpeni pumzi, akasema.
Asitembee, asipunge mkono. Apumue tu.
Pua tatu, kifua kimoja cha gazeti.
Hakuna moja, mbili, tatu.
Hakuna kunong'ona.

Mimi na Tetsuma hatukuwa tumesemezana tangu Desemba.
Sababu yenyewe aibu kuitaja:
taa ya baiskeli yake, uongo wangu.
Kumnunia mtu ni kazi nyepesi ukiwa umesimama wima.
Lakini mshika miguu huinama,
na mkono wake hugusa kiuno cha mshika kichwa,
maana habari hupitia hapo.
Akitaka kugeuka, kiuno hujua kabla yake.
Akiwa na hasira, kiuno husema.

Wiki mbili bibi yetu alikuwa mlevi.
Kichwa kilikwenda sokoni, miguu ikabaki nyumbani,
mkono wa kushoto ukamkuna sikio bila kutumwa.
Darasa zima lilicheka,
hata jiko la mafuta ya taa lilikohoa pale pembeni.
Chizuru alilia chooni, akarudi, akaushika tena.

Kisha Alhamisi moja, upepo wa Naruto ukitikisa vioo,
tulikuwa tunamnywesha chai isiyokuwepo
katika kikombe kisichokuwepo
akakishusha katikati ya funda
akatazama dirishani.

Nani kamgeuza? Mwalimu aliuliza.
Si mimi, akasema Tetsuma.
Chizuru akatikisa kichwa.
Nami kule chini, mwenye kuona visigino tu,
ningemgeuzaje?

Watu humdharau kikaragosi,
ati hana kauli, hutiwa maneno kinywani.
Hao hawajawahi kujikunja chini ya pindo lake.
Siku ile tusio na kauli tulikuwa sisi watatu.

Saa ya usafi ilipofika Mwalimu alikata uzi,
akamnyoosha bibi kwa kiganja juu ya meza
mpaka akawa tena bei za vitunguu,
akamtia chini ya ndoo ya mopu iliyokuwa ikivuja.
Nilitaka kupiga kelele.
Akasema, bila kunitazama:
zamani mtu alikaa miguuni miaka kumi,
kisha mkono wa kushoto miaka kumi.
Nikapiga hesabu. Ningekuwa na thelathini na nne
na bado sijaugusa uso wa mtu.

Kwenye kituo cha basi giza lilikwishaingia.
Ngumi zangu zilikuwa mifukoni mwa koti,
moja ikitangulia, moja ikingoja,
nikitembea na huku nimesimama.
Tetsuma akaja na baiskeli yake isiyo na taa,
akapunguza mwendo,
akatua mguu mmoja chini.
Hakusema neno, wala mimi.
Mvuke ukatoka kinywani mwake na kinywani mwangu.
Sikumbuki wa nani ulitangulia.