Kushuka Ndiko Kazi

Kupanda sisemi. Kupanda napanda,
mbuzi ananionea wivu.
Ni kushuka, Zdenko, kushuka huku
kwenye changarawe juu ya Bohinj,
goti la kushoto likilegea ghafla
kama bawaba iliyochomoka msumari.

Mgongo nao hausahau.
Unakumbuka ngazi ya ghala la nyasi kavu,
unakumbuka theluji ya Februari na lile gari la maziwa
nililolisukuma peke yangu, kwa kiburi.
Pingili mbili za chini hazijanisamehe.
Mvua ikikaribia huniambia kabla ya redio.

Daktari kijana wa Kranj alinishauri niogelee.
Niogelee! Nikamwuliza kama ziwa lina kilele.
Hakucheka. Akanipa utepe wa mpira mwekundu
wa kuvuta kwa mguu, mara kumi na tano,
asubuhi na jioni.
Navuta, nimeshika ukingo wa sinki, birika linachemka,
nahesabu, nalaani, nahesabu.

Aliye juu mngoje chini, husemwa.
Haya, ningoje.
Penye mteremko mkali nashuka kinyumenyume,
uso kwa mlima, kama anayewaaga wakwe,
fimbo mbili zikipapasa njia.
Watoto wa shule wananipita mbio
na kuniamkia kwa huruma. Naitikia kwa meno.

Wewe tangulia. Agiza supu.
Nikichelewa usije kunibeba.
Niulize tu, kwa sauti, toka huko chini,
nimefika jiwe gani,
nami nitakutajia jiwe.