Kinyota Chini ya Jedwali

Kila Oktoba wilaya hunitumia jedwali lile lile,
nami, karani wa Shule ya Msingi Cedar Fork, Nebraska,
hulijaza mlango ukiwa nusu wazi,
maana mtoto anayetapika hasubiri takwimu.

Wanafunzi: mia mbili na kumi na wanne.
Wanaokula mchana bila kulipa: asilimia themanini na moja.
Wanaojifunza Kiingereza: nusu, na kipande.
Halafu visanduku vya rangi:
mzazi achague kimoja, amtie mwanawe, afunike.

Anselmo Tzoc alikuja Februari, viatu vimelowa theluji.
Lugha ya nyumbani? nilimuuliza mama yake.
Akanitajia Kikiche. Nikatafuta juu, nikatafuta chini,
orodha haikuwa nayo. Nikaandika Kihispania.
Tangu hapo mkalimani humpigia simu kwa Kihispania,
naye mama huitikia ndiyo, ndiyo,
kwa adabu ya mtu anayengoja mvua ipite.
Kosa hilo ni langu. Halina kisanduku.

Trent Voss yumo katika kisanduku cha weupe.
Jedwali halijui kuwa shamba la babu yake lilipigwa mnada,
kuwa kila Ijumaa hutia mikate miwili mfukoni
kwa ajili ya Jumapili.
Nimemwona. Sikumwona.

Darasa la Bi Lindqvist lilikuwa na watoto ishirini na watano,
kwa hiyo kila mtoto ni asilimia nne.
Aliliandika hilo ubaoni jioni moja, watoto wamekwenda,
akacheka peke yake:
Yadira, nne. Trent, nne.
Yule asiyenyamaza, nne. Yule asiyesema, nne vilevile.
Familia moja ikihama usiku kufuata kiwanda kingine cha nyama
daraja letu hupanda, au hushuka,
na gazeti la mji huandika kwamba walimu wamelala.

Siku ya mtihani wa hesabu Anselmo hakutokea.
Zamu ya mama yake ilibadilishwa alfajiri,
na mdogo wake alikuwa na homa.
Alibaki akimpimia dawa kwa kijiko,
mililita tano kila baada ya saa sita,
akiandika kila dozi nyuma ya bahasha.
Kesho yake akaniletea ile bahasha iwe ndiyo ruhusa.
Nilizipitia hesabu zake. Zote sahihi.
Kwenye jedwali: hakufanya.

Miaka kumi na miwili nyuma shule hii ilikuwa ifungwe,
watoto sitini, paa linavuja, kufuli limeshanunuliwa.
Wageni wakaja, wenyeji tukapona.
Hilo nalo sijaona safu yake.

Kisha kuna Hser Nay.
Waasia hapa wako sita, Wakaren wote, wa mtaa mmoja,
na kanuni inasema kundi lisilofika kumi
lisionyeshwe, watoto wasije wakatambulika.
Badala ya namba huwekwa kinyota.
Nilimweleza kwa kuwa aliniuliza,
amesimama nyuma ya bega langu akisubiri barafu ya goti.
Alikitazama muda mrefu.
"Kwa hiyo sisi ndio hiki?"
Ndiyo.
"Mnatuficha, au mnatulinda?"
Barafu ilianza kuyeyuka, ikanitiririkia hadi kwenye kiwiko.
Nikamwambia: weka mguu juu ya kiti.

Kengele ya saa tisa. Wanatoka wote kwa mlango mmoja,
nami nawahesabu, mazoea tu,
makoti ya kuazima, kofia za sufi, vifungo vilivyokosewa matundu,
mia mbili na kumi na mmoja, na wawili, na watatu.
Amepungua mmoja.

Nageuka: Anselmo yuko mbele ya meza yangu,
anataka bahasha yake.
Mdogo wake anaumwa tena,
na amesahau kijiko kilikuwa kipi.