Tafsiri ya Neno Moja

Bi Nkwimba wa kiwanda cha samaki, Igogo,
alipanda ngazi hadi chumba changu cha tafsiri, Makoroboi,
ameishika karatasi kwa ncha za vidole
kama anayeshika mkia wa panya.
"Soma mwenyewe. Kompyuta imeandika ina dimoni.
Tena imeandika amekufa saa nane usiku
na kwamba itamfufua."

Mezani nina mhuri, wino,
na kamusi tatu zisizosalimiana.
Nikamwambia, mama, kaa.
Kwa mafundi huyo ni mtumishi tu:
halali, haonekani, hadai mshahara,
yuko nyuma ya kila kitu akisubiri kuitwa.
Akanitazama.
"Halali. Haonekani. Yuko nyuma ya kila kitu.
Sasa hapo umekanusha nini?"

Nikachukua kalamu nimtafutie jina la kwetu.

Shetani? Huyo nimemtafsiri mahakamani mara nyingi mno.
"Alinipitia tu, mheshimiwa."
Anapita, hapandi kizimbani,
hajafungwa hata siku moja.

Jini? Vijana wa Nyegezi humwita hivyo
anayepata mia kwa mia kwenye hesabu,
halafu wanamnunulia soda.

Chunusi alimvuta binamu yangu Bugumba
kwenye maji ya kiunoni, mchana, watu wakifua.
Na chunusi ndizo binti yangu huzipaka dawa
kila asubuhi mbele ya kioo
akisema maisha yake yamekwisha.

Pepo, basi.
Bibi yangu kule Nansio alipokuwa akipeta mtama
aliziita pepo kwa mluzi, nazo zilikuja.
Pepopunda ilimkaza mjomba taya
kwa msumari mmoja wa mtumbwi.
Tukamzika, tukasema amekwenda peponi.
Lugha gani hii
iliyowapa adui na pumziko nyumba moja,
mlango mmoja?

Kamusi nene inadai kwamba Wayunani wa kale
walipolitamka neno hilo hawakutetemeka:
lilikuwa jina la mgawa mafungu,
mnong'ono karibu na sikio.
Hilo sikumwambia Bi Nkwimba.
Alikuwa ameshatoa rozari.

Mimi nilikuwa nimeshafika mbali, kwa Lushinge, mdogo wangu,
aliyeanguka kwenye mstari wa gwaride, povu mdomoni.
Kanisani wakasema pepo:
wakampiga makofi hadi sikio la kushoto likaziba.
Nyumbani wakasema masamva:
akachinjwa mbuzi mweusi, tukala, Lushinge akaanguka tena.
Bugando wakasema kifafa:
vidonge vyeupe, kimoja asubuhi, kimoja jioni.
Aliyeanguka ni mmoja.
Lililobadilika ni neno,
na kila neno lilikuja na mkono wake.

Ana miaka arobaini sasa, anashona mabegi Buzuruga.
Juzi, bila kuinua macho kwenye cherehani, aliniuliza:
"Na wewe siku zile ulikuwa unasemaje?"
Sikuwa nasema kitu.
Nilikuwa nimeshika viatu vyake.

"Umelala?" Bi Nkwimba akagonga meza.
Nikaandika: Mtumishi wa ndani wa mashine ya kuchapa
amesimama. Ataanza tena mwenyewe.
Akasoma mara mbili, midomo ikicheza.
"Na dimoni umempeleka wapi?"
Nikasema, amebaki kwenye ile karatasi ya Kizungu, mama.
"Basi hiyo baki nayo wewe."
Akahesabu elfu mbili, noti za mia tano,
zinanuka sangara.

Aliomba mhuri, wakubwa wake wasije wakabisha.
Mhuri ulikuwa umekauka.
Nikausogeza mdomoni, nikaupulizia pumzi,
nikagonga.